Toeni Picha Kwenye Ile Kamera ya Zamani Kabla Hamjachelewa



Najua wengi mlitegemea wiki hii niendelee na mbolea ya tungule. Itakuja, inshallah. Leo nina jambo ambalo mwanzo mtaliona si la kilimo. Ni ile kamera ya dijitali iliyolala kwenye mtoto wa meza huko nyumbani. Ya baba, ya mjomba, au ya yule kaka aliyekwenda Oman akairudisha kama zawadi mwaka 2008. Imo kwenye kijimfuko cheusi, betri imekufa, waya wake hakuna anayejua uliko. Mnaiona taka. Mie naiona daftari la shamba ambalo hakuna aliyelisoma, na kila masika yakipita linaoza kidogo. Rai yangu ya leo ni fupi: zitoeni picha zilizomo, mzihamishie kwenye kompyuta, na mfanye hivyo mwezi huu, msisubiri mwakani.

Mtanisamehe kwa ukali. Nitawaambia ulikotoka.

Kosa langu mwenyewe

Nilipoanza kazi ya ubibi shamba, baada ya kumaliza diploma Kizimbani, mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu alinikabidhi vitu vitatu: daftari la ziara, panga, na kamera yake. Alikuwa anapiga picha kila shamba analokwenda. Miche, wadudu, mipaka, watu. Aliniambia, "Mwanangu, humu mna miaka yangu saba. Zitoe." Nikasema naam mzee, nitazitoa. Sikuzitoa. Nilikuwa na simu mpya, kamera niliiona nzito, nikaitia kabatini.

Miaka ikapita. Siku moja wakaja ndugu wawili kutoka kijiji kimoja cha Kaskazini. Mama yao ameshafariki, na wana mgogoro na jirani juu ya mstari wa mikarafuu iliyo mpakani. Jirani anasema aliipanda yeye. Wao wanasema aliipanda mama, na siku ile bwana shamba alikuwepo, akampiga picha mama ameshika mche na nyuma yake mashimo yamepangwa. Wakaniuliza, "Bi shamba, ile picha unayo?"

Hapa kwetu si lazima niwaeleze uzito wa swali hilo. Unguja mtu anaweza kumiliki miti juu ya ardhi ambayo si yake, na ardhi ikawa ya mwengine. Mashamba mengi yalianzia kwenye eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, sasa yako mikononi mwa wajukuu, yamegawanywa, yameuzwa nusu, yameazimwa. Nani alipanda mti gani, mwaka gani, ni suala la urithi. Na mkarafuu unaishi kuliko aliyeupanda.

Nikawajibu kwa uhakika kabisa: ninayo. Nikaenda kabatini, nikatoa kadi ndani ya kamera, nikaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta ikaleta kijidirisha: kadi hii haisomeki, unataka kuiformati? Mie nilikuwa na haraka, watu wamekaa mlangoni wananitazama, kile kijidirisha nikakiona kama vile vingine vyote tunavyovibonyeza ndiyo bila kusoma. Nikabonyeza ndiyo.

Kadi ikafunguka. Nyeupe. Haina kitu.

Na kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Sikuwaambia ukweli siku ile. Nilisema nitaitafuta. Kadi nikairudisha kwenye kamera, na wiki ile ile tulikuwa na mafunzo ya vitalu, simu yangu imeharibika, nikapiga picha zaidi ya mia mbili kwa kadi ile ile. Nilikuwa sijui kwamba ukiformati kadi, picha za zamani mara nyingi bado zimo, zimeondolewa kwenye orodha tu. Zinapotea kweli pale unapoandika kitu kipya juu yake. Yaani mlango ulikuwa bado wazi, mie nikaupiga tofali.

Baadaye fundi mmoja pale Darajani alijaribu kuzirudisha. Zilipatikana sitini na kitu. Ile ya yule bibi ilipatikana nusu. Juu kuna mbingu, kuna kichwa chake na mtandio wa kijani, anacheka. Kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu. Pale penye mche, pale penye mashimo, pale penye mpaka, hapana kitu.

Mgogoro ulimalizwa kwa sheha. Miti iligawanywa nusu kwa nusu, kwa kuwa hakuna upande uliokuwa na ushahidi. Wale ndugu hawajanilaumu hata siku moja. Walichoniomba ni ile nusu picha niwasafishie, kwa sababu ilikuwa picha ya mwisho ya mama yao akiwa mzima. Nikawasafishia. Ipo ukutani kwao, nusu ya chini wameifunika kwa karatasi ya maua.

Basi ndiyo sababu ya ukali wangu.

Kuna shimo katika kumbukumbu zetu

Nenda Mji Mkongwe, barabara ya Kenyatta, uingie pale Capital Art Studio. Studio ile ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Utaona picha nyeusi na nyeupe za mji, za watu, za majahazi, za miaka ya nyuma kabisa. Zipo. Hazihitaji chaji, hazihitaji waya. Nyumbani kwenu pia, kama kuna picha ya babu ya mwaka 1975, ipo ndani ya albamu au imetundikwa.

Sasa njoo upande huu wa leo. Simu zetu zimejaa picha, na nyingine zinajihifadhi zenyewe kwenye mtandao bila hata sisi kujua.

Katikati je? Chukua kama miaka ya 2003 mpaka 2013. Filamu zilikuwa zinaondoka, simu za maana hazijatufikia wengi wetu. Kipindi kile picha zilipigwa kwa kamera za dijitali, zikatazamwa kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, watu wakacheka, kamera ikazimwa. Wachache walisafisha. Wachache zaidi walikuwa na kompyuta. Kwa hiyo tuna familia nyingi zenye picha za babu za mwaka 1975 na hazina picha hata moja ya shamba lao la mwaka 2009.

Na kipindi kile si kidogo kwa kilimo chetu. Mwaka 2007 ndipo zilipotolewa hapa Zanzibar mbegu nne za muhogo zinazostahimili maradhi, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, wakati batobato na michirizi ya kahawia vilikuwa vinatumaliza. Mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Wenye pampu na majokofu wanakumbuka. Inzi wa matunda vamizi, anayewatia hasara leo wenye maembe, ameonekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003. Kantangaze wa tungule ameingia Tanzania mwaka 2014, na viwavijeshi vamizi wa mahindi 2017. Picha za shamba lenu za kabla ya wadudu hawa ni picha za dunia nyingine. Ukiwa unatafuta kujua mazao yalikuwaje, miti ilisimama wapi, maji yalifika wapi, jibu lake lipo kwenye kadi ya ukubwa wa kucha.

"Bi shamba, si mambo ya zamani hayo?"

Hili nimeambiwa na kijana mmoja anayelima mbogamboga za kupeleka mahotelini. Yeye anataka soko la kesho, mie namletea picha za juzi. Nilimuelewa. Ukiwa na mkopo unalipa, huna muda wa albamu.

Lakini nikupe mfano wa pili, huu uliomalizika vizuri. Mzee wangu yule alikuwa na kadi ya pili ambayo, alhamdulillahi, sikuigusa. Baada ya aibu ile niliitoa picha zote kwa utaratibu ninaowapa hapa chini. Kijana mwengine, upande wa Cheju, alikuwa anataka kujenga kitalu nyumba. Ameshachagua pahala, ameshanunua mbao. Pamechongwa vizuri, tambarare, karibu na njia. Katika zile picha nikakuta pahala pale pale, miaka mingi nyuma, mwezi wa masika. Tulipatambua kwa mwembe wenye tawi lililokatika, upo mpaka leo. Pamejaa maji mpaka magotini, na bibi mmoja anapita na kikapu kichwani. Baba yake kijana alikuwa kishasahau, kwa kuwa miaka ya karibuni mvua hazikuwa kubwa. Kijana akahamisha kitalu hatua kama sitini kupanda juu. Masika yaliyofuata hakutuma salamu, alituma picha: pale pa zamani pamejaa maji, kitalu chake kikavu.

Picha ile moja imemuokolea fedha ambazo mie simlipi kwa ushauri wa miaka kumi.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule wa mbogamboga ni hili. Mkulima wa biashara bila kumbukumbu ni mchuuzi anayelima. Siku utakapokwenda kuomba mkopo, kuingia mkataba na hoteli, kugawana na ndugu zako, au kulipwa fidia barabara ikipita kondeni kwako, utaulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti: ulikuwa na nini hapa, tangu lini? Mdomo una majibu mengi. Picha yenye tarehe ina jibu moja.

Namna ya kuzitoa, hatua kwa hatua

Wengi hawazitoi kwa kuogopa, wengine wanaziharibu kwa haraka kama mie. Fuateni hivi.

*1. Angalia betri kwanza.* Fungua kifuniko chake. Kama ni betri za kawaida za duara na zimevuja, utaona ukoko mweupe au wa kijani. Toa betri, sugua ukoko kwa pamba ya masikio iliyolowa siki kidogo au ndimu, kausha vizuri. Kama ni betri bapa ya kuchaji na imevimba, usiichaji kabisa. Itoe, iweke mbali na moto.

*2. Usikimbilie waya, toa kadi.* Mara nyingi huhitaji kamera iwake. Kadi inachomoka yenyewe ukiisukuma kidogo, na unaisoma kwa kile kifaa cha kusomea kadi. Lakini jueni kadi za zamani si za aina moja. Nyingi ni SD. Kamera nyingi za Olympus na Fujifilm za wakati ule zilitumia kadi ndogo iitwayo xD, za Sony zilitumia Memory Stick, na zile kubwa za mafundi zilitumia CompactFlash. Nenda na kadi yako mkononi, tafuta kifaa chenye matundu mengi, usinunue kwa kukisia. Na kifaa cha zamani sana kinaweza kukataa kadi ya SDHC, zile za kuanzia GB 4. Kadi si mbovu, kifaa ndicho kimezeeka.

*3. Funga kufuli ya kadi.* Kadi ya SD ina kijikufuli pembeni. Kisukume kuelekea palipoandikwa "Lock". Kompyuta zilizo nyingi sasa haziwezi kuandika wala kufuta kitu, na hata virusi vya kompyuta za mtaani haviingii. Laiti ningelijua hili siku ile, mikarafuu ya watu ingekuwa na mwenyewe.

*4. Kama lazima utumie waya.* Kamera nyingine zina kumbukumbu ya ndani mbali na kadi, na hiyo huipati bila kuiwasha kamera. Waya unaohitajika mara nyingi ni ule wa kichwa kinene kidogo, mini-USB. Huu wa simu za zamani, micro, ni mwembamba zaidi, usiulazimishe. Kamera nyingine zina waya wa kampuni yao peke yake. Ulizeni nyumba kwa nyumba, unaweza kuukuta kwenye boksi la redio. Chaji betri ijae kwanza, kisha washa kamera, iweke kwenye kutazama picha. Kama kompyuta haiioni, ingia kwenye menyu ya kamera, tafuta palipoandikwa USB, badilisha chaguo lililopo, jaribu tena. Ile CD iliyokuja na kamera aghlabu huihitaji.

*5. Ingia folda iitwayo DCIM.* Humo ndimo zilimo picha, katika folda ndogo zenye namba kama 100 au 101. Zifungue zote, si ya kwanza tu.

*6. Nakili, usihamishe.* Chagua "Copy". Usichague "Cut". Umeme ukikatika katikati ya "Copy", kadi bado ina kila kitu. Ukikatika katikati ya "Cut", unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule. Na sisi umeme tunaujua.

*7. Hesabu.* Bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda ya kwenye kadi, tazama "Properties", andika idadi na ukubwa. Fanya hivyo hivyo kwa folda ya kompyuta. Namba zilingane. Kisha fungua picha chache za mwanzo, za katikati, za mwisho. Usifute kitu kwenye kadi. Kadi ya zamani iandike jina, itie kwenye kijaluba kikavu, iache ilale. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma, kwa hiyo usiiache ndani ya kamera.

*8. Ukiulizwa kuformati, jibu ni HAPANA.* Kaa, pumua, chomoa kadi. Ifute sehemu za shaba kwa kitambaa kikavu, jaribu kifaa chengine na kompyuta nyingine. Ikikataa, usipige picha mpya hata moja kwa kadi ile. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec inayoweza kuzitafuta picha. Picha zikipatikana zihifadhi kwenye kompyuta, usizirudishe kwenye kadi ile ile. Kama hujiamini mpelekee fundi, lakini kaa naye. Usimuachie kadi ukaenda sokoni.

Picha bila tarehe ni pambo

Hapa wengi wanachemka hata baada ya kufanikiwa. Kamera za zamani zina saa ndani yake. Betri ikikaa imekufa muda mrefu, saa inarudi mwanzo. Utakuta picha za harusi ya dada yako aliyeolewa 2011 zimeandikwa Januari mosi 2005. Kwa hiyo usiiamini tarehe kwa macho yaliyofumba. Kaa na baba, mama, jirani, tazameni pamoja. "Hapa nyumba haijaezekwa bati." "Hapa Mwanaidi hajazaliwa." Andikeni mwaka mnaouhakiki, na pale msipo na uhakika andikeni hivyo hivyo, "kama 2009". Usibuni. Tarehe ya uongo ikigundulika moja, zote zinatiliwa shaka.

Jina la picha liwe na mwaka, mwezi, pahala na zao. Mimi naandika hivi: 2010-04_Bambi_muhogo_mpaka-mashariki. Miaka ikianza mbele, kompyuta inazipanga yenyewe.

Halafu nakala. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au hadi diski iliyo nyumba nyingine, moja kwenye mtandao. Msicheke kuhusu nyumba nyingine. Beit al Ajaib lilijengwa 1883, tukaliona kama halitaondoka, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka mbele ya macho yetu. Kama jumba lile limeanguka, kijumba chako na flashi yako ni kitu gani? Picha moja ya kamera zile ni kama MB 2 tu, kwa hiyo picha elfu moja hazifiki hata robo ya zile GB 15 anazotoa Google bure.

Na tafadhalini, WhatsApp si pahala pa kuhifadhi picha. Ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora, na ile taarifa ya tarehe iliyomo ndani inaondoka. Ukitaka ifike kamili, itume kama dokumenti.

Neno kwa mabwana na mabibi shamba wenzangu

Hili litawaudhi baadhi, lakini nitalisema kwa kuwa nimeanza kujisema mwenyewe. Sisi tumepiga picha nyingi za watu. Tumeingia makondeni mwao, tumewasimamisha juani, "mama inua jembe kidogo", tumeondoka. Picha zikaenda kwenye ripoti, ripoti ikaenda kwenye kabati, kamera ikabaki kwetu. Mkulima hakupata hata moja. Na mradi ukimalizika, kamera inapotea na picha zake.

Rai yangu ni kwamba picha ya shamba la mtu ni amana. Mwenye shamba apewe nakala, kwa flashi au iliyosafishwa. Si hisani, ni haki yake. Wapo watakaosema kamera ni ya ofisi na picha ni za ofisi. Sawa, ofisi ibaki na yake. Kunakili hakupunguzi kitu. Lakini yule bibi wa mtandio wa kijani angekuwa na picha yake nyumbani tangu siku ile, wanawe wasingenihitaji mie, na kosa langu lisingemgharimu mtu.

Na vijana, mkizipata picha hizo, msizirushe mitandaoni ovyo. Kuna mabibi ndani humo waliokuwa wamejifunga kanga za kulimia. Kwanza wapelekeeni, waombeni ruhusa.

Kazi ya wiki hii

Sitaki mniambie "mashallah bi shamba, makala nzuri". Nataka mfanye mambo matatu. Leo jioni ulizeni nyumbani nani ana kamera ya zamani. Kesho itazameni ni kadi ya aina gani. Kabla ya Ijumaa ijayo picha ziwe kwenye kompyuta, zimehesabiwa. Mlio karibu na ofisi yangu, njooni Jumatano asubuhi na kadi zenu. Nimenunua kifaa chenye matundu yote, na kompyuta ipo. Mtakaa kwenye kiti wenyewe, mtabonyeza wenyewe. Mie nitasimama nyuma kuhakikisha hakuna anayebonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Mzee wangu yule mstaafu bado yupo, anafuga kuku. Mwaka jana nilimpelekea picha za kadi ya pili, nimezipanga kwa mwaka na shehia. Na ya kadi ya kwanza nikamwambia ukweli. Alikaa kimya muda. Kisha akaniuliza, "Sasa hizi umezitia pahala pangapi?" Nikamwambia patatu. Akasema, "Haya. Tuendelee," akavaa miwani, akaanza kunitajia majina ya watu waliomo kwenye picha, mmoja mmoja, na mie nikawa naandika.

Tungule wiki ijayo, inshallah.